Nani Aliseti Hizi Tapeti?

Mwaka mzima pikipiki ya mdogo wangu ilikuwa inaniamsha kabla ya adhana. Kiki mbili, halafu ule mlio, tiki-tiki-tiki-tiki, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko na hataki kuacha. Tunaishi nyumba moja Kihonda, Morogoro. Chumba chake kiko uani, na yeye huwahi abiria wa mabasi ya alfajiri pale Msamvu. Mlio ule ulinikera. Nalisema hili mapema kwa sababu nilipoamua kujifunza kuseti tapeti sikusukumwa na mapenzi ya ufundi. Nilitaka inyamaze.

Pikipiki niliinunua mimi, nikampa kwa mkataba kama vijana wengi wanavyopewa: kila siku analeta hesabu ya shilingi elfu nane, na ikitimia jumla tuliyokubaliana, chombo kinakuwa chake. Hesabu naiandika kwenye kaunta buku ninayoiweka kabatini, juu ya vitabu.

Ni chombo cha Kichina, injini yake nakala ya Honda CG125. Honda walipoitoa CG mwaka 1976, hawakuiweka kemshafti juu ya silinda kama kwenye CB125. Waliiweka chini, isukume valvu kwa fimbo mbili nyembamba. Hawakukosea. Walijua inakwenda kwenye nchi ambako pikipiki hubebeshwa kuliko ilivyopangiwa na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Ndiyo maana nakala zake zimejaa barabarani kwetu hadi leo, na ndiyo maana hata mtu kama mimi anaweza kuifungua uani akiwa amekalia kigoda. Juu pale, chini ya kifuniko, kuna roka mbili. Ya nyuma, upande wa kabureta, inafungua valvu ya kuingiza. Ya mbele inafungua ya ekzosi. Kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu lazima ibaki nafasi, na kwenye injini hii ni milimita 0.08, ikipimwa injini ikiwa baridi. Karatasi ya kawaida ya kuprinti ina unene wa kama milimita 0.1. Yaani nafasi yenyewe ni pungufu ya karatasi.

Wasomaji wenzangu mtaniuliza kama nimesoma kile kitabu cha Robert Pirsig cha mwaka 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance. Nimekisoma, na bahati mbaya nilikisoma kabla. Mle mwanzoni kuna vijana wa gereji wanaoletewa pikipiki, wanasikia kelele, wanasema ni tapeti, kisha wanaharibu vifuniko kwa nyundo na tindo. Tatizo halikuwa hata hapo. Niliwacheka sana. Muda wote nilijihesabu niko upande wa msimulizi.

Jumamosi moja jioni mdogo wangu aliporudi nikamwambia aniachie chombo. Injini ilikuwa bado ya moto, nilipulizia vidole. Fila sikuwa nayo. Nilikuwa na spana, plaizi na video niliyoitazama kwenye simu mara mbili. Nikalegeza nati, nikakaza ile skrubu ndogo hadi roka ikaacha kucheza, nikafunga, nikapiga kiki, nikasikiliza. Bado kidogo. Nikafungua tena, nikakaza tena. Mara ya tatu ikanyamaza kabisa. Ilikuwa inanguruma taratibu kama cherehani mpya.

"Kaka, mbona imekuwa kimya hivi?"

"Si ndiyo vizuri?"

"Haya."

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Valvu ya ekzosi inapigwa na moto kila mzunguko, na sehemu kubwa ya joto lake huliachia pale inapokalia kiti chake, ikifunga. Isipofunga sawasawa, joto halina pa kwenda na gesi ya moto inapenya ukingoni. Ile skrubu niliyoikaza ilikuwa imeizuia isifunge. Injini ilipopoa usiku, kila chuma kikasinyaa kwa kipimo chake, na mimi sikuwa nimebakiza nafasi yoyote ya kusinyaa huko.

Asubuhi kiki mbili zikawa sita. Baada ya wiki zikawa nyingi kiasi kwamba nilikuwa nalala tena katikati yake. Mdogo wangu alianza kulalamika: inakula mafuta, inapiga mafataki kwenye ekzosi, akipanda Kilakala na abiria inakata pumzi. Hesabu ikashuka. Elfu sita. Elfu tano. Siku nyingine anakuja na elfu tatu, anaziweka mezani bila kukaa.

Na mimi nilikuwa nimemwona na simu mpya.

Sitaki kuirefusha sehemu hii. Siku moja mezani, mama akiwepo, nilimwambia kama anakula hesabu aseme tu, asisingizie chombo, chombo nimekitengeneza kwa mikono yangu. Nakumbuka nilisema hivyo hivyo, kwa mikono yangu. Mama aliacha kula. Mdogo wangu alinawa, akasema "sawa kaka," akatoka. Ile simu, nilikuja kujua baadaye, ni ya mkopo, analipa kidogo kidogo kila siku ili abiria wake wampate. Alikuwa na hesabu mbili.

Pikipiki ilikufa yenyewe siku chache baadaye, mbali na nyumbani, akaisukuma hadi kwa fundi. Nilikwenda kwa sababu mwenye kulipa ni mimi. Fundi ni mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa ameshatoa silinda hedi, ameiinamisha juu ya beseni. Akamimina petroli kidogo kwenye tundu la ekzosi, tukaitazama ikivuja pembeni ya valvu, taratibu, tone kwa tone, hadi tundu likawa tupu. Akaitoa valvu akanipa mkononi. Ukingo wake ulikuwa umelika upande mmoja, kama biskuti iliyong'atwa na mtoto.

"Nani aliseti hizi tapeti?"

Nilikuwa nimeishika ile valvu. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua.

"Fundi mmoja hivi wa pale stendi," mdogo wangu akasema.

"Basi mwambie aache. Tapeti bora ilie kidogo. Ikilia unajua nafasi ipo."

Valvu mpya, gasketi, kusaga viti, ufundi. Siku nne chombo kikiwa juu ya mawe. Njiani kurudi tulipanda daladala moja, tukakaa viti tofauti ingawa nafasi ilikuwepo.

Fila niliinunua wiki hiyo hiyo. Ukiifungua inatanuka kama feni ya mkononi, majani ya chuma membamba, kila moja limeandikwa unene wake. Fundi alisema tuipime tena ikishatembea kidogo, maana valvu mpya inaendelea kujikalisha. Nikamwomba mdogo wangu Jumapili asitoke hadi tumalize. Pikipiki ililala uani usiku kucha, asubuhi injini ilikuwa baridi kama mtungi.

Tulitoa plagi ili izunguke kwa wepesi, tukafungua vifuniko viwili vya kushoto. Kimoja ni cha kupitishia spana, kingine ni dirisha la kutazamia herufi T kwenye magineti. Nikazungusha kinyume na saa hadi T ikakaa kwenye alama yake. Hapa ndipo video ilikuwa imenipita: T inakuja mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi, na ni moja tu ambayo valvu zote mbili zimefungwa. Unajua kwa kuzitikisa roka. Zote zikicheza, upo. Moja ikibana, zungusha duara nzima tena. Mdogo wangu ndiye alikuwa anatikisa, mimi nazungusha. Ya mbele ilibana.

Nilikuwa nimeinama, uso wangu uko karibu na ekzosi, nikamwambia ile siku mezani nilimkosea. Na kwa fundi pia. Nikamwambia anisamehe.

Alikaa kimya kidogo.

"Rudi taratibu," akasema. "Alama imepita."

Jani la 0.08 likaingia kwa kujivuta, kama unachomoa karatasi chini ya kitabu. La 0.10 likagoma. Nikakaza nati, nikapima tena, 0.08 nalo likagoma, maana nati inapokazwa huivuta skrubu pamoja nayo. Kumbe inabidi mtu aishike skrubu kwa plaizi wakati mwingine anakaza. Ni kazi ya mikono minne, au ya mtu mmoja mwenye uzoefu, ambaye hakuwepo. Tuliirudia mara tano. Mama alituletea chai, akasimama akitutazama, akarudi ndani.

Ilipowaka, ililia. Si kama zamani, kidogo tu.

Usiku nilichukua kaunta buku nikapiga mstari siku zote tangu ile Jumamosi ya kwanza, pamoja na zile nne za kwa fundi. Nikaandika pembeni: siku 31, chombo kibovu, hadaiwi. Nikaiacha wazi mezani.

Asubuhi alikuwa ameshaondoka. Chini ya maandishi yangu ameandika kwa kalamu yake: "Ni 30. Ile Jumanne nilikuwa msibani."