Mgeni wa Kijerumani Mezani Pemba

Kama hujafika Pemba, jua kwanza kwamba ni kisiwa cha vilima, mikarafuu na ukarimu. Ukishuka melini Mkoani ukapanda kwenda Chake Chake, kisha Wete, hupiti mlango saa ya chakula bila kuitwa: "Karibu tule!" Kukataa si adabu. Na mwenyeji kumwuliza mgeni ni kipi asichokula, wengi huona ni kama anatafuta cha kumnyima.

Hapo ndipo sisi wauguzi tunapopata wasiwasi. Siku hizi Pemba hupokea wageni wa Kijerumani, wanaokwenda kuzamia Misali au kupumzika Kigomasha, kaskazini kabisa. Wamo kati yao wenye mzio wa chakula, na vyungu vyetu vina siri nyingi. Kisamvu huungwa kwa karanga zilizosagwa (wenyeji huziita njugu), zikapotea ndani ya majani. Mkate wa ufuta unajulikana kwa jina lake, lakini halua haisemi kama ina lozi au korosho. Na kamba hata achemke saa nzima, kile kinachomdhuru mwenye mzio hakifi kwa moto.

Jioni moja nilikaa jikoni Wete na mama mmoja anayepikia wageni. Akaniuliza, "Sasa dada, nitamwuliza vipi bila kumvunjia heshima?" Kijerumani changu ni cha kuokoteza kwa wauguzi wa Kijerumani niliofanya nao kazi bara, lakini kwa jambo hili kinatosha.

Nilimwambia aanze na "Entschuldigen Sie bitte", yaani samahani tafadhali. Neno "Sie" ndilo lenye heshima. "Du" ni la watoto, jamaa na marafiki. Halafu aseme: "Haben Sie eine Lebensmittelallergie?" Je, una mzio wa chakula? Neno hilo la mwisho ni refu kama treni, mama yule akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Basi nikampa jingine: "Was dürfen Sie nicht essen?" Ni kitu gani hupaswi kula? Asiseme "mögen" mahali pa "dürfen", maana hapo atakuwa anauliza mgeni hapendi nini, naye mgeni mstaarabu atajibu kwamba anapenda kila kitu.

Mjerumani hakasiriki kuulizwa. Tangu Desemba 2014, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wenye mikahawa kuwajulisha wateja vyakula 14 vinavyoleta mzio, vikiwemo karanga, ufuta, mayai, maziwa na samaki. Kwake ni swali la kawaida kabisa.

Majina ndiyo yenye mitego. Karanga ni "Erdnüsse", njugu za ardhini. Korosho na lozi huitwa "Nüsse". Uliza yote mawili, kwa kuwa mtu aweza kudhurika na moja akala nyingine salama. Kamba ni "Garnelen", lakini wengi husema pia "Krabben", nawe ukadhani ni kaa. Kaa mwenyewe ni "Krebs", na neno hilohilo ndilo jina la ugonjwa wa saratani. Lisikushangaze: hata saratani yetu imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kaa! Pweza na ngisi, mezani, wote huweza kuitwa "Tintenfisch". Ni bora kumwonyesha mgeni pweza mwenyewe kabla hajaingia chunguni.

Yule mama aliandika maneno hayo kwa mkaa ukutani, juu ya mafiga, akiyatamka kwa sauti ya kughani.

Akiona midomo ya mgeni imevimba, vipele vimetoka au pumzi inakoroma, aulize upesi: "Haben Sie Ihr Notfallset dabei?" Ndicho kifurushi cha dharura, na mara nyingi ndani yake mna sindano ya adrenalini ya kuchomwa pajani, upande wa nje. Ichomwe mara moja. Vidonge vya mzio havishiki nafasi yake. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe, ila akishindwa kupumua aachwe aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa. Gari liitwe wakati huohuo, hata akipata nafuu, kwa sababu hali huweza kurudi baada ya saa kadhaa, na kutoka Kigomasha hadi hospitali ya Wete kuna mwendo.