Mshono wa Pazia la Studio

Mwanangu, ukipewa albamu ya ukoo wetu usikimbilie sura. Sura za zamani hazisemi mengi, maana kila aliyekaa mbele ya kamera alikaza uso na kubana pumzi. Tazama pazia lililo nyuma yao. Studio niliyokuwa nikishinda nikisaidia kazi, jirani na soko la Singida mjini, ilikuwa na pazia moja tu: vipande viwili vya marekani vilivyounganishwa katikati, vikachorwa mlima wenye theluji, mgomba, na ndege ya abiria iliyozidi mlima kwa ukubwa. Kwenye picha za miaka ya sabini mshono hauonekani kabisa, kwa kuwa uzi ulikuwa wa dukani, mwembamba, na fundi aliijua kazi yake. Kuanzia 1983 utauona mstari mnene umeshuka kutoka kileleni hadi kwenye majani kama kovu la upasuaji. Picha isiyoandikwa tarehe naipanga kwa mshono huo, na sijaona kalenda iliyo bora zaidi.

Uzi ulikuwa umeadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka uliofuata, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni hazikuwapo. Urafiki ya Dar es Salaam na Mwatex ya Mwanza zilihema kwa kukosa vipuri na rangi. Jambo la kuchekesha, kama una moyo wa kulicheka, ni kwamba ndugu zetu wa Iramba walikuwa wakilima pamba, nasi tulikosa uzi wa kurudishia kifungo. Kidonge cha uzi kilichopaswa kuuzwa shilingi mbili tatu kiliuzwa kwa mlango wa nyuma shilingi ishirini, tena kikinuka mafuta ya taa kwa sababu ya mahali kilikofichwa. Kisha Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, na watu wakaogopa hata mali yao halali. Asubuhi moja watoto walikuja sokoni na vidonge walivyookota ukingoni mwa Ziwa Singida, vimelowa, vimeganda chumvi. Nani alivitupa hatukuuliza. Tulivinunua. Uzi ule ulikatika kila ulipopita kwenye tundu la sindano, na fundi cherehani wa barazani kwetu, mtu mpole asiyejua kutukana, siku hiyo alijua.

Katika hali hiyo pazia likachanika katikati. Upepo wa Singida unaujua, ukianza Julai hauombi hodi. Fundi akasema hana uzi wa kuchezea. Mkwewe, bibi mmoja wa Ilongero aliyekuja mjini kutibiwa macho, alikuwa amekaa pale barazani akisikia yote. Hakusema neno. Kesho yake akaja na majani ya mkonge aliyoyakata mwenyewe, akayalaza juu ya gogo na kuyaparua kwa panga butu hadi maji ya kijani yakamiminika. Ile harufu, kali, chachu, ya kitu kilicho kati ya nyasi mbichi na maziwa yaliyoharibika, ilikaa barazani siku kadhaa, na mikono ikipata maji yale unawashwa mpaka usiku. Alizisuuza nyuzi, akazianika juu ya ua wa minyaa, zikawa nyeupe. Halafu akaketi chini, akakunja kanga, akaanza kusokota pajani: nyuzi mbili zikiviringishwa mbele kila moja peke yake, kisha kiganja kinarudi nyuma nazo kwa pamoja, zinashikana zenyewe. Paja lake lilikuwa halina unyweleo, limeng'aa kwa miaka ya kazi hiyo. Alipomaliza akaupitisha uzi kwenye donge la nta ya nyuki wa Mgori, akaomba sindano ya gunia, akashona pazia kwa mkono kuanzia juu hadi chini huku akiiulizia ile ndege inabeba watu wangapi.

Mzee wa studio alikuwa na Yashica, na filamu moja ya picha kumi na mbili tu aliyoipata kwa taabu. Wateja walimlipa kwa jogoo pesa zilipokosekana. Nilimwambia ampige bibi yule akiwa kazini. Akaniuliza nani atainunua picha ya mzee aliyekaa chini na paja wazi. Sikuwa na jibu la kibiashara, lakini mpaka leo nasema alikosea. Ajabu ni kwamba picha moja aliipoteza kwa hiari yake kwa ajili ya kiota. Minana walikuwa wakifuma kwenye mgunga wa mbele ya baraza, na miaka ya neema waliiba vipande vya uzi wa fundi, viota vikawa na nyekundu na buluu ndani ya majani. Mwaka ule walirudi na nyasi tupu na makapi ya mkonge wa bibi. Mzee wa studio akapanda kwenye ngazi akawapiga picha. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, hivyo hata angewapiga mwaka wa neema usingejua tofauti.

Sokoine alifariki ajalini Aprili 1984. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, na uzi ukajaa sokoni wa kila rangi. Novemba 1985 picha ya Mwalimu iliyokuwa juu ya kaunta ilishushwa, ya Mzee Mwinyi ikatundikwa kwenye kamba ileile ya mkonge. Fundi alitaka kulishona pazia upya, mzee wa studio akakataa: linashika, la nini kulisumbua? Kitambaa kikaja kuchakaa pande zote mbili, mshono ukiwa mzima.

Bibi amekwishazikwa Ilongero, na picha yake haipo. Lakini wanawake wa Singida bado wanasuka vikapu vya katani, na ukishuka pale stendi utawakuta. Kabla hujauliza bei, omba ruhusa upige picha mikono yao ikisokota. Bei watakayokutajia, ilipe.