Chumvi Mlangoni mwa Ruvu

Wanajiografia huainisha milango ya mito kwa jinsi maji baridi yanavyokutana na maji ya bahari. Mto ukiwa na nguvu na bahari ikiwa tulivu, maji baridi, kwa kuwa ni mepesi, hupita juu, na maji ya chumvi hupenya chini mfano wa kabari. Penginepo huchanganyika nusunusu. Na pale ambapo kujaa na kupwa kuna nguvu kuliko mto, yote hukorogeka, chumvi ikalingana juu na chini.

Sisi watu wa Morogoro twaweza kudhani hayo ni mambo ya pwani. La hasha! Ruvu, uingiao baharini karibu na Bagamoyo, huanzia katika milima yetu ya Uluguru. Tena mlango mmoja waweza kubadilika kwa majira: masika mto husukuma chumvi nje, kiangazi maji yakipungua, bamvua huirudisha ndani.

Msitu ukikatwa huku juu, mvua hushuka kwa kishindo pamoja na udongo, na akiba ya kiangazi hupungua. Mwaka 2022, mvua ilipokosekana na Ruvu ukapungua, wakazi wa Dar es Salaam walipata maji kwa mgao.

Ndiyo maana chuoni niliwaasa walimu wanafunzi: msimkaririshe mtoto majina ya aina hizo kabla hajajua mto wa kijijini kwake unaishia wapi. Akilijua hilo, atafikiri mara mbili kabla ya kuinua shoka.