Kopo la Oili katika Gari la Madrasa

Huenda baadhi yenu wakastaajabu kuona katika kurasa hizi, ambamo mmezoea kusoma habari za malezi na mambo ya nyumbani, maneno juu ya kopo lililofungwa katika injini ya gari. Lakini gari lenyewe ndilo lililokuwa likiwachukua watoto wetu kwenda madrasa na kuwarudisha magharibi, na fedha zilizolinunua zilikuwa za michango ya wazee. Kwa hivyo si vibaya mkajua lililokuwa ndani yake.

Gari hilo lilikuwa Toyota Hiace ya dizeli yenye tabo, nalo lilipofika kwetu hapa Dodoma lilikuwa limekwisha tumika miaka mingi. Halikuwa wakfu. Lau lingalikuwa wakfu, maneno ya kuliuza, ambayo tutayafikia, yangalikuwa mengine kabisa.

Siku moja fundi alifungua bomba la kuingizia hewa, akatuonyesha oili imejaa ndani yake kama iliyomiminwa. Akasema, "Maalim, dawa yake ni rahisi. Tuung'oe mpira huu wa kupumulia, tuuache uning'inie chini ya gari, oili imwagike barabarani." Tukamwomba kwanza atueleze mpira huo una kazi gani, naye akatueleza vizuri kuliko walimu wengi wanavyoeleza masomo yao.

Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka katika silinda, na kila pistoni imevishwa ringi ili nguvu ya moto isipenye. Walakini hapana ringi izibayo kabisa. Daima moshi kidogo hupita kando yake, ukashuka katika tumbo la injini iliko oili. Tumbo hilo lisipokuwa na pa kutolea pumzi, moshi utazisukuma sili mpaka zivuje. Basi injini haina budi kupumua. Pumzi yake hutoka imechanganyika na chembe za oili, za maji na za mafuta yasiyoungua, nayo hupitishwa kwa mpira mpaka kwenye njia ya hewa, ivutwe tena na kuunguzwa. Magari ya zamani yalikuwa na bomba tu la kuitupa pumzi hiyo barabarani. Ni katika jimbo la California, kule Marekani, mwaka 1961, ambapo magari mapya yalianza kufungiwa njia ya kuirudisha ndani, kwa sababu ya uchafu wa hewa ya miji yao. Kwa hivyo aliyotaka fundi wetu hayakuwa mageni. Yalikuwa kurudi nyuma miaka sitini.

Hatukuyakubali. Watoto huketi ndani ya gari hilo, na injini ya Hiace i chini ya viti vya mbele. Moshi utokao chini huingia ndani, hasa gari linaposimama. Lakini kuiacha oili iendelee kuingia katika njia ya hewa nako kuna hasara, maana hugandamana na masizi na kuziba njia. Tena kuna hatari ambayo wenye magari ya dizeli wengi hawaijui. Injini ya dizeli yaweza kuunguza oili yake yenyewe. Oili nyingi ikivutwa kwa mara moja, injini hukimbia kwa kasi isiyozuilika, na kuzima ufunguo hakuisimamishi, kwani haitegemei tena mafuta yatokayo kwenye tangi. Husimama inyimwapo hewa, au oili inapokwisha, au inapovunjika.

Ndipo fundi akatoa shauri la pili, la kopo. Walitengeneza yeye na fundi wa kuchomelea kwa kipande cha bomba la chuma kilichozibwa juu na chini. Mpira utokao kwenye injini huingia humo kwa mrija ushukao mpaka katikati. Mpira urudio kwenye njia ya hewa hutokea juu kabisa. Baina yao likawekwa bati lililotobolewa matundu mengi, na juu ya bati zile nyuzi za chuma kisichoshika kutu wanazosugulia masufuria, ambazo tulizinunua sokoni Majengo. Pumzi yenye oili ikipita katika nyuzi hizo hupoa, chembe za oili hushikamana, zikawa matone, zikadondoka chini. Chini pana koki ndogo ya kumwagia.

Tulisimamia mambo kadhaa wasiyafanyie haraka. Zile nyuzi laini za chuma wanazotumia maseremala tulizikataa, kwa kuwa hukatika vipande, na kipande kimoja kikivutwa mpaka kwenye tabo ni msiba. Mpira wa maji tuliukataa pia, maana oili huulainisha ukajikunja, na mpira uliojikunja ni sawa na kuziba pua ya injini. Upana wa ndani haukupunguzwa hata kidogo. Kopo likafungwa mbele, mbali na bomba la moshi, mahali ambapo upepo wa safari hulipoza. Kuna wanaotumia chupa za plastiki za maji ya kunywa. Hao tumewaona kwa macho yetu, na hatuna la kuwaambia ila wazitoe leo.

Kijana mmoja wa darasa la wakubwa tulimpa daftari. Kila Alhamisi alifungua koki, akapima kilichotoka, akaandika pamoja na kilomita. Kanzu yetu moja iliharibika katika kazi hiyo, na mama watoto hajalisahau jambo hilo mpaka leo.

Mwezi wa Juni na wa Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa wa baridi kali, kilichotoka kilikuwa cheupe kama chai ya maziwa. Wengine walisema injini imekufa, maji yameingia katika oili. Tulitazama maji ya rejeta, hayakupungua. Tukatazama kijiti cha kupimia oili, kilikuwa safi. Kumbe mafuta yakiungua huzaa mvuke wa maji, nao ukikuta kopo la baridi hugeuka maji. Joto liliporudi, weupe ukatoweka.

Oili hiyo hatukuirudisha katika injini, kwani ina maji na uchafu mwingine. Wala hatukuimwaga chini. Mji huu hunywa kwa sehemu kubwa maji ya visima vya Makutupora, yaani maji ya ardhini, na amwagaye oili ardhini hajui itashuka mpaka wapi. Tuliikusanya katika dumu, tukampa fundi aichanganye na oili chakavu ambayo wenye kuinunua humfuata gerejini.

Sasa tulifikie lile lililotufanya tushike kalamu. Moshi wa gari ulipungua sana, na watu wakasema kopo limeiponya injini. Lakini daftari halikusema hivyo. Miezi ya kwanza, kila kilomita 1,000 zilitoa vijiko vitatu vya chakula. Mwaka ulipogeuka, kilomita hizo hizo zikatoa nusu kikombe. Ringi zilikuwa zikiendelea kulika. Kopo lilizuia tu oili isifike mahali ambapo ingeonekana kuwa moshi.

Kamati ikaamua gari liuzwe. Dalali alipoliona akafurahi. Akatushauri tuioshe injini, tulimwage kopo asubuhi ya siku ya mnunuzi, na tukiulizwa tuseme ni chombo cha kuilinda injini. Neno hilo si la uwongo, na hapo ndipo penye sumu yake. Wajumbe wawili waliliona jema, wakahoji kwamba fedha ni za watoto na madrasa yahitaji gari jingine. Sisi tulisema kwamba aibu ya kitu kiuzwacho, muuzaji akiijua, humlazimu aibainishe, na kwamba hatuwezi kuwafundisha watoto mlango wa biashara kwa vitabu vilivyobebwa na fedha za namna hiyo. Mabishano yalichukua baina ya magharibi na isha, na isha yakaendelea.

Mnunuzi alikuwa mtu wa Kondoa. Tukampa daftari kabla hajaliwasha gari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akafungua koki mwenyewe, akatia kidole, akanusa. Kisha akapunguza katika bei gharama ya ringi na kazi ya fundi, fedha si kidogo, nasi tukaafikiana. Kopo aliomba asing'olewe, na daftari akaondoka nalo.

Dalali alidai ujira wake kwa hesabu ya bei ya kwanza. Tulimpa kwa bei iliyouzwa.