Mbu wa mchana, neti ya usiku

Kazi za chumba cha habari zimenibana, ndiyo maana nimekuwa kimya. Ila juzi nilipita Gerezani asubuhi, mvua imekatika tu, nikamkuta fundi mmoja mtu mzima amekaa juu ya matairi chakavu. Ndani ya matairi maji yametuama. Mwenyewe anajipiga makofi kwenye vifundo vya miguu. Saa nne asubuhi hiyo.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Hao mbu wa mchana ni wabaya."

Akacheka. "Marahaba. Mbu wa mchana hana malaria, kijana wangu."

Ni kweli, mbu wa mchana hana malaria. Lakini maneno hayo hayo, mwaka 2019, nusura yaniondolee mama mdogo.

Wakati huo nilikuwa chuo, naishi kwake Ilala, si mbali na Karume. Mama mdogo anauza khanga na vitenge Kariakoo, anashinda amekaa kwenye kigoda toka asubuhi mpaka jioni. Mwezi wa tano akaanza kuumwa: homa kali, kichwa kinagonga nyuma ya macho, mifupa anasema kama imepigwa na mchi. "Malaria imenipanda," akasema. Nikamsindikiza kwenye zahanati moja ya mtaani. Kipimo kikaonyesha hana malaria. Akaandikiwa dawa ya malaria hivyo hivyo, na sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu. Hakuna aliyeshangaa, mimi msomi wa chuo kikuu nikiwemo.

Siku ya nne fizi zikaanza kutoa damu. Tukakimbia hospitali kubwa, wakapima upya, wakasema ni dengue. Akalazwa siku tano. Daktari akanieleza taratibu kwamba kwa mgonjwa wa dengue, diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaweza kuzidisha kutoka damu. Ya homa na maumivu ni parasetamoli, maji ya kunywa kwa wingi, na kumwangalia mgonjwa kwa karibu, hasa homa inaposhuka, maana hapo ndipo watu hudhani wamepona kumbe hatari inaanza.

Halafu akauliza: "Nyumbani mnahifadhi wapi maji?"

Swali hilo lilinichoma. Bomba letu lilikuwa linatoa maji kwa zamu, hivyo tulikuwa na pipa la lita 200 uani. Kulijaza ilikuwa kazi yangu. Kifuniko kilikuwa kimepasuka, mama mdogo alishanipa hela ya kununua kingine, nami kila siku nasema kesho. Usiku ule nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Viluwiluwi walikuwa wanacheza humo kama wako bwawani.

Tuelewane hapa. Mbu si mmoja. Anofelesi, wa malaria, anauma usiku, na yeye ndiye tuliyemtundikia neti. Kuleksi, yule wa mitaroni na vyooni, anauma usiku pia, na kwetu Pwani ndiye anayeleta matende na mabusha. Wa tatu ni edesi: mweusi, mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Huyu ndiye wa dengue na chikungunya. Hana haja na mtaro unaonuka. Anapenda maji yaliyotulia ya nyumbani kwako: pipa, ndoo, tairi, kopo, chombo cha maua. Mayai yake huyagandisha kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Maji yakiyafikia, siku saba hadi kumi hivi mbu wapya wanaruka. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Lazima usugue.

Linaloniuma kama mwandishi ni kwamba magonjwa haya si mageni kwetu. Mwaka 1870 daktari James Christie, akiwa Unguja, alishuhudia homa ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Wengi wanaamini jina dengue limetokana na hilo. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lilitoka Newala kwenye mlipuko wa 1952, likieleza mtu aliyekunjwa na maumivu ya viungo. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Na virusi vya West Nile, ambavyo makao yake ni ndege na ambavyo kuleksi huvisambaza, vilipatikana mara ya kwanza kwa mama mmoja wa wilaya ya West Nile, Uganda, mwaka 1937. Dunia nzima inatumia majina ya kwetu. Sisi wenyewe bado tunasema, "malaria imenipanda."

Hao wa West Nile wana kisa chao. Mwaka 1999 watu walianza kuugua homa ya ubongo jijini New York. Wakubwa wa afya wakautangaza kuwa ugonjwa mwingine uliozoeleka huko. Wakati huo huo kunguru walikuwa wanadondoka mitaani na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wanakufa. Daktari wa mifugo wa pale, Tracey McNamara, akang'ang'ania kwamba hesabu haikubali, maana ugonjwa uliotangazwa si kawaida yake kuua ndege. Vipimo vikarudiwa. Ikawa West Nile, mara ya kwanza kuonekana bara zima la Amerika.

Dar tuna kunguru kuliko tunavyotaka. Waliletwa Zanzibar karne ya 19 kula taka, wakavuka, leo Kariakoo ni yao. Sisemi wana virusi. Ninachosema ni kwamba aliyeokoa hesabu kule New York ni mtu aliyekataa jibu lililozoeleka. Zahanati yetu ilikuwa na kipimo mkononi kinachosema si malaria, na hakuna aliyeuliza, basi ni nini?

Na kuuliza tunaweza. Kuanzia mwaka 2006, Buguruni hapo hapo Ilala ilikuwa moja ya kata tatu za kwanza jijini ambako watu wa mtaani walipita kukagua madimbwi na kuweka dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi. Malaria ilipungua. Kibaha kumejengwa kiwanda cha dawa za namna hiyo. Lakini dawa ya madimbwini haifiki kwenye pipa lililo uani kwako. Dengue ilitupiga Dar mwaka 2010, ikarudi 2014, ikarudi tena 2019, na aina zake ziko nne. Ukiugua aina moja hujakingwa na nyingine, na mara ya pili huweza kuwa kali zaidi.

Kwa hiyo, wadau, mtu wako akiwa na homa, kipimo kikasema si malaria, msiondoke na dawa ya malaria. Ulizeni swali la pili.

Mama mdogo yupo, bado anauza khanga zake. Nimehama kwake, lakini kila Jumamosi asubuhi ananipigia. Hata salamu hatujamaliza utamsikia: "Umesugua pipa?"

Nimesugua, mama.

Tuonane wiki ijayo.