Kapu la Wiki Moja



Mgeni akifika nyumbani kwa mtu hukaribishwa sebuleni, na sebule aghalabu husema kile mwenyewe anachotaka kisemwe. Jiko halina adabu hiyo. Ukitaka kuijua aila, tazama kinachoingia jikoni kwake tangu Jumamosi hadi Ijumaa. Njia hiyo ndiyo waliyoifuata Wamarekani wawili, mpiga picha Peter Menzel na mkewe, mwandishi Faith D'Aluisio, walipozunguka nchi 24 na kuziomba aila 30 ziweke mbele ya kamera chakula chao chote cha wiki moja, kila kitu na bei yake. Kitabu chao, Hungry Planet, kilitoka mwaka 2005. Bei zilizomo zimekwisha kupitwa na wakati, lakini picha zake bado zafaa kutazamwa, na nakuomba, msomaji, tusafiri nazo kidogo.

Tuanzie mashariki ya Chad, katika kambi ya Breidjing, walikokimbilia watu wa Darfur vita vilipowafukuza makwao. Mjane mmoja ameketi na wanawe watano mbele ya hema. Mbele yao pana gunia la mtama, takribani kilo 18, na unga wa mahindi uliochanganywa na soya, kunde kidogo, mafuta, sukari na chumvi, vyote vya kupimiwa. Hiyo ndiyo posho ya wakimbizi. Alichokinunua mama yule kwa fedha yake mwenyewe kilikuwa nyama kavu ya mbuzi, samaki mkavu, ndimu na viungo kidogo. Jumla dola 1 na senti 23 kwa wiki nzima, kwa vichwa sita. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa: ni kama senti 20 kwa kila mmoja.

Mtama ule husagwa, ukasongwa, ukaliwa na mchuzi mwepesi, asubuhi, mchana na usiku. Aliyepata kula ugali wa mtama na mchuzi wa bamia akijua chakula kile hata kama hajakanyaga Chad. Walipoulizwa ni chakula gani wakipendacho zaidi, walitaja supu ya nyama mbichi ya kondoo. Neno "mbichi" ndilo la kuangaliwa hapo, kwani iliyokuwa mbele yao ilikuwa kavu, nayo haikujaa sahani moja.

Wala tusidhani picha ile ni ya zamani iliyokwisha. Vita vipya vilizuka Sudan mwezi Aprili 2023, na watu wa Darfur wakavuka mpaka ule ule kwa malaki, wakawakuta ndugu zao waliotangulia miaka ishirini nyuma wangali kambini.

Wao husonga lile wanaloliita "aish". Neno lenyewe ni la Kiarabu, na asili yake ni uhai, au maisha. Sasa panda nami hadi Cairo. Hapo aila ya watu 12 imetandaza mboga na matunda ya kujaza meza, kwa dola 68 na senti 53, na chakula chao cha fahari ni bamia kwa nyama ya kondoo. Mmisri naye akisema "aish", hakusudii sima: akusudia mkate. Kisha vuka mpaka Kuwait, na huko "aish" ni wali! Watu wa dini moja na lugha moja, kila mmoja amekitwaa kile kinachoshibisha tumbo lake akakipa jina la uhai. Nasi watu wa pwani hatuko mbali nao, maana kwetu yuko mtu atakayekula mkate, muhogo na samaki, kisha akaapa kwamba tangu asubuhi hajala, kwa kuwa wali haujapita kooni.

Niseme neno juu ya picha ya Kuwait, kwa sababu wasomaji wetu wa Ghuba watalijua jiko lile bila ya kuelekezwa. Masurufu ya wiki yalikuwa dola 221 na senti 45. Chakula cha nyumba kilichotajwa ni biriani ya kuku kwa mchele wa basmati. Na ndani ya picha, pamoja na wenye nyumba, wamesimama watumishi wawili kutoka Nepal. Waliopiga picha wamefanya insafu kuwaingiza. Katika nyumba nyingi za Ghuba ukisema "chakula cha nyumbani kwetu" wasema chakula kilichopikwa na mkono uliojifunzia kwengine, na mtoto hukua akiipenda dengu ya mpishi kuliko mchuzi wa bibi yake. Jambo hilo silaumu. Nataka tu lihesabiwe.

Kwa upande wa fedha, aila ya watu wanne katika mji wa Bargteheide, Ujerumani, ndiyo iliyonishangaza: dola 500 na senti 7, yaani dola 125 kwa kila kichwa, na sehemu kubwa ya meza yao ni chupa za vinywaji. Huko Kouakourou, kando ya mto Niger nchini Mali, watu 15 wamekaa juu ya dari ya nyumba yao ya udongo na magunia ya nafaka, kwa dola 26 na senti 39. Lakini fedha peke yake hupotosha. Anayekula nafaka ya kijiji chake, na samaki wa mto unaopita mlangoni, hana hesabu moja na anayenunua hata maji.

Katika nchi zile 24 haimo Tanzania, haimo Kenya, wala haimo Oman. Nyumba yetu, basi, haikupigwa picha, na hili ndilo lililonifanya niketi kuandika. Kapu la Mswahili wa ng'ambo lingeonekanaje?

Hapa Uingereza nimelitazama. Mchele watoka India au Pakistan, kwa gunia la kilo 10 au 20. Tui limo koponi, latoka Thailand au Sri Lanka. Muhogo wauzwa umepakwa nta usioze, na mara nyingi ni wa Costa Rica, nchi ambayo wazee wetu hawakupata kuitaja. Kuku ni wa hapa hapa, kachinjwa halali. Kilichoandikwa "Kenya" kwenye rafu za duka kubwa ni yale maharage mabichi membamba yaliyokatwa ncha na kupangwa kama kalamu, ambayo jikoni kwa bibi yangu hayakuwa na kazi. Ardhi ya kwetu yatulisha kile ambacho hatukizoea, na tulichokizoea twalishwa na wengine.

Muscat ni mbali na hali hiyo, tena ni karibu. Wale walioondoka Zanzibar wakaitikia mwito wa Sultani Qaboos baada ya 1970 waliikuta bahari ile ile. Pale Muttrah, katika soko la samaki jipya lililofunguliwa mwaka 2017 ufukweni, nguru na jodari wamelala juu ya barafu, na mnunuzi aweza kusikia Kiswahili kikipigania bei. Papa mkavu na tende zilikuwa zikisafiri kwa majahazi kutoka pande hizo kwenda Unguja na Lamu, na majahazi yakirudi na boriti. Nazi hutoka India, au Salalah, ambako minazi huota na madafu huuzwa kando ya njia. Kwa hiyo mama wa Kizanzibari huko aweza kupika samaki wa kupaka ambaye hakupitia kopo lolote. Dada yake aliyeko London hawezi, naye anarudi kazini saa mbili za usiku.

Hapo ndipo penye uzito. Biriani yetu ya Ijumaa ingetoka vizuri pichani. Lakini Jumatatu hadi Alhamisi kuna visanduku vya chipsi na kuku wa kukaanga, kuna soda za lita mbili, na kuna chai ya vijiko vitatu vya sukari anayokunywa baba ambaye daktari amekwisha kumkataza. Kuwait ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa kisukari kwa idadi ya watu wake, na nyumba zetu, hapa na huko, hazikosi mwenye kidonge au sindano. Desturi yetu ni kumficha mgeni kilicho duni na kumwekea kilicho bora. Kwa mgeni ni adabu. Kwa hesabu ya nyumba ni hatari.

Mhariri ameniruhusu kuomba jambo. Aila yoyote iliyo tayari, ikusanye risiti zake za wiki moja, iandike kila kilicholiwa, kimetoka nchi gani na kimepikwa na nani, ituletee kabla ya toleo lijalo. Majina hayatachapwa. Iandikwe idadi ya vichwa, wageni wahesabiwe, na soda zisifichwe.