Mkwezi na Ugwe wa Mgongo

Katika mashamba ya Unguja mkwezi hupanda kwa vidato. Vidato ni mikato ichongwayo katika shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Mwanafunzi ajivuniaye kidato cha nne ametumia neno la mkwezi, lakini kidato cha mkwezi hakina cheti. Mnazi mrefu hupita mita 20. Shina likiteleza kwa mvua, au kuti likikatika mkononi, mtu huanguka.

Ndani ya pingili za uti wa mgongo umo ugwe mlaini usiozidi unene wa kidole. Ndio njia ya amri kutoka ubongoni kwenda miguuni, na njia ya habari kutoka miguuni kurudi ubongoni. Ugwe ukikatika, amri hazifiki wala habari hazirudi, na mtu huwa mgeni wa miguu yake mwenyewe.

Maumbile yametoa hukumu mbili juu ya mishipa ya fahamu. Mshipa wa mkono uliokatwa na panga, ukiunganishwa vema, huweza kuota tena kadiri ya milimita moja kwa siku. Nyuzi za ugwe haziponi hivyo. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliziona zikichipua kidogo, kisha zikikoma. Ilidhaniwa kuwa ila ni ya uzi wenyewe. Lakini mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, huko Montreal, walipandikiza kipande cha mshipa wa mguu katika ugwe wa panya, na nyuzi zikaota ndani yake. Mbegu ilikuwa hai. Udongo ndio ulioikataa. Wataalamu wangali wanautafutia udongo huo dawa, na ya kumponya binadamu haijapatikana.

Basi kilichosalia cha ugwe ni mali isiyonunulika. Mara nyingi anguko huvunja pingili bila kuukata ugwe wote. Majirani huja mbio, mmoja akashika makwapa, mwingine miguu; mgongo hupinda, na mfupa huumaliza ugwe ambao mnazi uliusaza. Huruma yao ni kweli, na madhara yake ni kweli pia. Heri majeruhi aachwe alivyolala, kichwa kishikwe kisigeuke, kisha watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kwa neno la mmoja, wamlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa.

Safari yake huishia Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe, ambako tangu mwaka 2014 kuna jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo lililosaidiwa na taasisi ya NED ya Hispania. Akirudi nyumbani bila miguu, kazi huwa ya jamaa: kumgeuza kila baada ya saa chache, usiku na mchana, ngozi isioze. Hivyo ndivyo Ludwig Guttmann alivyowaokoa wagonjwa wake Uingereza tangu mwaka 1944, wala hakuunganisha uzi hata mmoja.